Duara Refu Warudishe Walichokifuta

Maduhu, mwendesha karasha mstaafu,
Kalangalala, Geita.

Ndugu Mhariri,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, utaniamkia ukimaliza kusoma.

Nawashtaki Duara Refu, bendi ya Ngokolo, Shinyanga, wapigaji wa deth metali, muziki ule ambao magitaa hukwaruza na mwimbaji hunguruma kama ng'ombe aliyegongwa na fuso. Mwaka 2009 walirekodi nyimbo zao nne za kwanza kwenye stoo iliyokuwa ubavuni mwa karasha, mashine niliyosagia mawe ya dhahabu. Walinipa kanda moja, nikaisikiliza kila Jumapili mpaka redio ilipoimeza, yapata miaka kumi sasa. Mwezi uliopita wamezitoa upya nyimbo zilezile, eti wamezisafisha. Binti yangu Asteria akaniwekea kwenye simu. Mhariri, hawa hawajasafisha kitu. Wamekomba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wamefuta matoazi yote. Imebaki ngoma kubwa tu, inajipigapiga yenyewe bila mwenzake.

2. Gitaa lililokuwa likilia juu mpaka meno yanauma, sasa linavuma kama friji.

3. Mwita, mwimbaji wao, zamani alikuwa anatukana dunia nzima neno kwa neno, na mimi nilikubaliana naye karibu kwa yote. Sasa anamung'unya tu. Nasikia siku hizi ana cheo katika ofisi fulani. Huenda ndiko alikojifunza kuongea bila kueleweka.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwisho wa wimbo wa tatu, marehemu mke wangu Apolonia anaita kutoka mlangoni: "Baba Asteria, zima karasha, bugali unapoa!" Ugali yeye aliuita bugali. Vijana waliiacha sauti hiyo kwa sababu iliwafurahisha. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Sasa pale pako kimya. Nimerudia mara arobaini, na nimechoka kusikiliza kimya.

5. Uovu wao umeenea. Kwaya ya kigango chetu imeondoa sauti ya kwanza. Akina mama wanafumbua vinywa, hakitoki kitu. Birika limeacha kupiga mluzi. Ndege hawalii tena asubuhi. Juzi bodaboda amenigonga kiwiko bila honi, kisha akaapa mbele za watu kwamba alipiga mara tatu. Hata Asteria, niliyemlea kwa adabu, ananong'ona mezani, na nikimwomba arudie anafoka.

Kwa heshima zote, naomba toleo hilo liondolewe sokoni na iundwe tume ya mkoa, ianze kwa kuwahoji ndege. Mwita naye apelekwe kaburini kwa Apolonia akaeleze kwa sauti inayosikika kwa nini alimnyamazisha.

Wasalimie wachapaji, wauza magazeti wote hadi Bulyanhulu, na mama anayewapikia chai hapo ofisini.

Ni mimi niliyekombwa,
Maduhu, Baba Asteria.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mwita amefika mwenyewe na kanda yao ya kwanza pamoja na redio ya kuichezea, maana Asteria alimpigia simu. Tumesikiliza sisi watatu, kanda kwanza, kisha toleo jipya. Nikageuka kumwambia Mwita kwamba hata kanda ameifuta, nikamkuta anatazama chini na Asteria analia. Binti yangu akachukua kalamu hii akaniandikia nyuma ya bahasha: Mama yupo, baba, kwenye zote mbili. Miaka kumi na tisa nimesimama kando ya karasha, Mhariri, na mwenye karasha hakuwahi kunipa hata pamba ya kuziba masikio.

Barua hii usiichape. Asteria ameniandikia pia kwamba mama yake anaita huku anacheka. Hilo nilikuwa nimelisahau.