Kilo Tano za Laurenti

Tangu tezi ya shingo ilipoamua kulegea, Laurenti wa Mjimwema alinenepa mpaka biashara ikamkimbia. Nani atanunua chai ya kupunguza mwili kwa mtu ambaye kitambi chake kinatangulia kufika sokoni? Chai yenyewe ilikuwa majani ya parachichi yaliyoanikwa juu ya bati, lakini hilo libaki kati yetu.

Siku daktari wa Njombe alipompandishia dozi ya vidonge vya tezi, alimwambia mwili huenda ukapungua kiasi, arudi kupima damu baada ya wiki sita. Habari za damu zilimpita. Alichosikia ni biashara. Kesho yake alikuwa sokoni Makambako, amesimama juu ya mizani ya viazi.

"Kilo mia moja na nne!" alitangaza bila haya. "Nakunywa chai yangu hadharani. Wiki sita tu, mtanitafuta!"

Mama Dorika, mchuuzi wa viazi kutoka Iwawa na mwenye mizani hiyo, alimkagua kuanzia viatu. "Na usipopungua?"

"Chukua magunia yangu yote kumi ya chai, mama." Ulikuwa mtaji wake wote duniani.

"Haya. Lakini utainywa hapa, mbele yangu, kila asubuhi. Watu wa maneno matamu nawajua."

Basi kila asubuhi Laurenti aligeuka pembeni, akatupia kidonge mdomoni, akakisukuma kwa kikombe kikubwa cha chai yake. Aliijaza maziwa, maana bila maziwa hata yeye ilimshinda. Watu wakapiga makofi, oda zikaandikwa.

Wiki ya pili, mia moja na tano. "Maji hayo," akasema. Wiki ya nne, mia moja na saba. "Viatu." Akavua viatu, mizani haikumwonea huruma. Watu walicheka, naye alicheka nao, ila moyoni alikuwa na hofu ya kweli. Uso ulikuwa umevimba, alisinzia akiwa amesimama, na baridi ilimwingia hata akiwa na makoti mawili.

Wiki ya sita Dorika alisoma polepole ili wa nyuma wasikie: "Mia moja na tisa!" Magunia kumi yakapanda lori la viazi, Laurenti akapanda basi la Njombe.

"Kidonge unakimezea nini?" daktari aliuliza, macho kwenye majibu ya damu.

"Chai ya maziwa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ndugu yangu, chai na maziwa vinakizuia kuingia mwilini. Maji matupu, tumbo tupu, kisha usubiri saa nzima."

Laurenti alikuwa ametapeli watu wa wilaya tatu, ila hakuna aliyewahi kumtapeli kwa bidii kama alivyojitapeli mwenyewe. Safari hii alitii. Baada ya miezi miwili usingizi ulikuwa umekwisha na suruali zimeanza kumpwaya. Ndipo simu ikaita.

"Kamwene, Laurenti," Mama Dorika alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Ile chai imeisha Iwawa, na Ipelele wanaililia."

"Wamepungua?"

"Apungue nani? Soko zima lilishuhudia: wiki sita, kilo tano! Nawauzia wembamba wanaotaka kunenepa. Sura yako nimeibandika kwenye kila pakiti."

Laurenti alikaa chini. "Mama, mbona mimi nimeanza kupungua?"



"Baba," Dorika akasema kwa sauti ya kubembeleza, "nakuomba, usionekane Makambako mpaka nimalize mzigo."