Kibuyu Ndani ya Kanga

Kivinje, Ijumaa, 12 Ramadhani 1323

Jino la mbele linatikisika kama kigingi cha mbuzi. Fizi zimevimba, nikipiga mswaki ni damu. Na kiu hii haina adabu! Naamka nayo, nalala nayo, na chooni siishi kwenda. Sisimizi wamenifuata hukohuko, wamejipanga mstari kama askari wa Mdachi. Nimewamwagia majivu. Mtu asijue!

Mjukuu wangu Samia anaolewa baada ya Idi. Bibi wa bwana harusi ni Mwahija, mzaliwa wa Kilwa Kisiwani anayekaa mtaa huu, mwanamke mwenye pua ndefu, na ulimi mrefu kuliko pua. Akijua nyumba yetu ina maradhi, posa ataivunja. Ile posa ya kule Rasbura aliivunja kwa kikohozi tu.

Jioni kaja kufuturu. Akakunja uso, akauliza kinanuka nini. Nikamwambia ni kinywa changu, na kinywa cha mfungaji mbele ya Mungu kinashinda miski. Labda yeye hafungi sawasawa. Akainamia uji wake.

Jumamosi, 13

Nimepata hila. Kutawadha kuna kusukutua. Nani atajua maji yameishia wapi? Adhuhuri moja nimeitawadhia mara nne. Mwahija alishinda kwetu akichambua mchele wa harusi, akasema ama kweli Bi Tawakali umekuwa walii. Nikasema ndiyo. Akauliza, mbona walii hatemi?

Mchawi yule.

Jumapili, 14

Hila mpya. Kibuyu ndani ya kanga, moja kwa moja kwenye mihogo nyuma ya nyumba. Tena si maji matupu, nimetia asali, nusu kwa nusu. Asali ni dawa, hilo halina ubishi, itatibu fizi. Tabibu Maftaha aliniambia mwaka jana niache vitamu. Tabibu wa wapi? Kitovu chake nilikikata mimi!

Lakini kiu imezidi. Basi asali haijatosha. Kesho naongeza.

Jumatatu, 15

Wamenikamata!

Huko milimani watu wanapigana na Mdachi kwa maji ya dawa. Huku askari kanikuta nimechutama kwenye mihogo na kibuyu, nanong'ona bismillahi. Akasema ndimi ninayegawa maji ya vita. Kizee kama mimi! Nikamwambia angekuwa mwanangu ningemchapa. Haikusaidia.

Bomani akida akauliza, maji ya nini haya? Kamba ya kunyongea ilikuwa inaning'inia pale uani, na ile haifanyi mzaha. Na langoni nani? Mwahija, kaja mbio, kanyoosha shingo kama korongo. Nikitaja kiu, posa imekufa, na mimi naitwa kobe, mla mchana. Nikaitazama kamba. Nikamtazama Mwahija. Kamba ilikuwa na huruma zaidi.

Nikajiziba mdomo kwa kanga.

Ndipo Samia akapenya watu, akanishika miguu, analia. Bibi sema, mume nitapata mwingine, bibi sitapata. Mjinga yule mtoto. Macho yangu yaliingia vumbi.

Nikasema ni maji ya kunywa. Akida akaamuru nikinywe kibuyu chote, tuone. Nikakimaliza kwa pumzi moja, nikauliza kama kuna kingine. Askari akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Akida akaniachia, akaitwa Maftaha aitazame kiu hiyo. Akanifungua kinywa mbele za watu kama punda wa mnadani, akagusa jino, likamfuata. Akasema mkojo mtamu huozesha fizi zikatunga usaha, na usaha nao huuchochea ule utamu. Maradhi mawili, kila moja linampikia mwenzake. Asali marufuku, tende marufuku, halua marufuku. Mswaki asubuhi na usiku, nisukutue kwa maji ya chumvi, na safari hii niteme! Na kufunga nisifunge, mgonjwa ana ruhusa, nilishe masikini.

Yaani hila zote zile bure!

Nikamgeukia Mwahija nikisubiri kelele zake. Hakupiga kelele. Alimvuta Maftaha kando akamuuliza, eti kwa niaba ya jirani, sisimizi chooni maana yake nini.

Jumatano, Idi, Mfungo Mosi

Posa iko palepale. Harusi Ijumaa.

Mwahija kafuata masharti yote. Anapita nyumba kwa nyumba akisema ugonjwa wake ni mkubwa kuliko wangu, na fizi zake zimepona kabla ya zangu. Hata maradhi anataka kunipita!

Mimi nami nafuata. Mswaki leo nimepiga. Ila sahani ya halua waliyomtengea Mwahija ilikuwa inabaki, na kutupa chakula ni dhambi. Nimeila. Kisha nikala yangu, isione wivu.

Jino la pili limeanza kutikisika. Na lianguke. Halua haitafunwi.