Kifungu cha Nne cha Madirisha ya Montfaubert

Baraza la Mji wa Montfaubert lina furaha kuutangazia ulimwengu kwamba mji wetu, wenye umri wa miaka mia nane, uko hai. Azimio hilo lilipita kwa kura sita. Mjumbe wa saba alikuwa amesinzia, tukamhesabu kuwa ameafiki.

Aliyeliandika ni mimi, Firmin Escande, Naibu Meya wa Madirisha na Urithi. Ilibidi. Jopo la Miji Hai, ambalo hutoa kile kibao cha shaba cha kubandikwa langoni, lilikuwa limetuuliza kwa barua swali la utovu wa adabu: je, humo kuna mtu anayeishi?

Ndani ya ukuta wa mji wa kale tuna nyumba sitini. Hamsini na tisa hupangishwa watalii kwa wiki, ikiwemo ya marehemu babu yangu, yenye boriti za mwaloni na hati ya vitu mia moja arobaini na viwili ambavyo mgeni huhesabiwa akiingia na akitoka. Sisi wajumbe tulishahamia ng'ambo ya kiplefti, kwenye nyumba mpya zenye maegesho. Urithi ni wa kuhifadhiwa, si wa kulaliwa.

Nyumba ya sitini ni ya Bibi Huguette Lacombe, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyezaliwa humo na asiyetaka kusikia habari ya kutoka. Madirisha yake ya mbao ni ya kijani kinachobambuka, ilhali kanuni inataka kijivu-samawati namba saba. Tulimpa mpaka mwisho wa mwezi: apake rangi, au tumpeleke nyumba ya wazee. Barua nilimpelekea mwenyewe, nikamkuta ameegemea dirishani.

"Firmin mwanangu, rangi hii aliipaka mume wangu. Wewe ndiye uliyemshikia kopo, ukajipaka mpaka masikioni."

"Hilo halimo kwenye jalada, Bibi."

"Na kamasi nilizokuwa nakufuta, nazo hazimo?"

"Hazimo."

"Basi andika kwamba sihami, nalo liwemo."

Nikaandika. Kisha nikaandika Kifungu cha Nne cha azimio letu: "Mkazi ni mtu anayelala ndani ya ukuta, anayefungua madirisha yake kwa mkono wake kila asubuhi, na anayesalimia majirani akienda kununua mkate. Asiyetimiza hayo hana sauti katika mambo ya mji." Kwa kalamu moja watalii wote wakawa wakazi. Nakala tulibandika kwenye kila friji.

Utekelezaji ulikuwa na changamoto zake. Jumapili saa mbili asubuhi niligonga mlango wa nyumba ya babu. Akatoka mpangaji wa wiki ile, Bwana Joris Verhaegen wa Ghent, akiwa na bukta.

"Madirisha," nikamkumbusha.

"Kaka, niko likizo."

"Likizo iliisha saa moja na nusu. Sasa hivi wewe ni mkazi."

"Kama ni mkazi, niache nilale kwangu, bwana!"

Lakini alifungua. Kufikia Ijumaa alikuwa na kikapu cha mkate na ameanza kulalamikia kengele ya kanisa. Nilifurahi karibu nilie. Huyo alikuwa mkazi kamili.

Jopo tulilialika Jumamosi saa sita mchana, siku ambayo wajumbe hawana kazi. Kila mpangishaji anaijua Jumamosi: wageni wa zamani hutoka saa nne asubuhi, wapya huingia saa kumi alasiri. Na kipengele cha mwisho cha hati zetu kinasema, kabla ya kuondoka funga madirisha yote. Barazani tulikuwa wapangishaji watupu, na hakuna aliyekumbuka.

Mwenyekiti wa jopo, Bi Solène Perrichon, alishuka nasi mtaa mzima. Nyumba hamsini na tisa zilikuwa zimefungwa kabisa, na kilichosikika ni viatu vyetu tu. Mwisho wa mtaa kulikuwa na madirisha ya kijani, wazi, yakitoa harufu ya supu ya vitunguu. Bibi Huguette alikuwa anarudi kutoka kwenye gari la mkate pale langoni, mkate kwapani.

"Hamjambo, jamani! Mmepotea?"

Bi Perrichon akatoa Kifungu cha Nne, akakisoma kwa sauti, pamoja na ile sentensi ya mwisho. "Nani kati yenu wajumbe alilala ndani ya ukuta jana?"

Tukatazama viatu.

"Basi mwenye sauti ni mmoja. Bibi, mji unasemaje kuhusu rangi?"

"Kijani," alisema Bibi Huguette. "Kwangu na kwao. Na anayekitaka kiti chake barazani, aje alale humu kwanza."

Azimio hilo lilipita kwa kauli moja, na hakuna aliyesinzia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nyumba ya babu imejaa wageni mpaka Oktoba, na mikataba niliiandika mimi, kwa hiyo haivunjiki. Chumba cha pekee kilichobaki ndani ya ukuta ni cha ghorofani kwa Bibi Huguette. Alinipokea mlangoni na hati yake, akataka tuhesabu pamoja kabla sijapanda ngazi. Ilikuwa na vitu vitatu: brashi, kopo la rangi ya kijani na leso ya kamasi. Vyote vilikuwepo, nikatia saini.