Mfalme Aliyezikwa Kwanza

Jumamosi, Agosti 1, 1992

Shule zimefungwa lakini akili yangu haijafungwa! Hiram, mwenye ukumbi wa video hapa mtaani Manyatta, anapata filamu kubwa kutoka Nairobi. Taji la Matete. Wafalme, mapanga, joka la ziwani. Imetolewa kwenye kitabu mashuhuri, kinene kama tofali. Nimekiona maktaba. Nimekishika pia. Kukisoma ndiyo sijapata nafasi.

Lornah wa maktaba amekisoma mara nyingi. Leo aliniambia ameisubiri filamu hiyo tangu alipokuwa msichana mdogo. Akaniuliza, Mwalimu Dishon, wewe umekisoma? Nikasema ni nani ambaye hajakisoma! Akauliza nilipenda sehemu gani zaidi. Nikasema katikati. Akatabasamu. Nimerudi nyumbani bila kuona hata shimo moja la barabara, na barabara yetu ni mashimo matupu.

Jumanne, Agosti 4

Mpango umeiva. Kwa Hiram filamu haitazamwi kavu. Kuna mtu wa kipaza sauti anayeigeuza Kiingereza iwe Kiswahili na Dholuo, na kwa miaka yote mtu huyo ni Enos, fundi cherehani. Enos aliachia masomo kidato cha tatu. Kwa filamu za karate anafaa. Lakini fasihi?

Nilimwendea Hiram. Nikamweleza kwa heshima kwamba filamu ya kitabu inahitaji mtu wa vitabu. Akauliza kama hadithi naijua vizuri. Nikasema naijua kama njia ya kwenda chooni kwetu. Basi, Jumamosi saa nane mchana kipaza sauti ni changu!

Enos alikuwepo. Hakukasirika, jambo ambalo lilinikasirisha mimi. Alisema tu nichunge, watu wa Manyatta hawasikilizi hivi hivi, wanauliza. Wivu huo.

Lornah nimemwekea nafasi benchi la mbele.

Jumamosi, Agosti 8

Ardhi ingepasuka leo ningeingia mwenyewe, bila kusukumwa.

Filamu ni ndefu, iko kwenye kaseti mbili. Lebo zilikuwa zimebanduka kwa joto. Enos akashauri tuingize moja, tuonje kidogo tujue ni ipi ya kwanza. Mbele ya Lornah! Nikamwambia mtu aliyesoma kitabu haonji. Nikachagua moja kwa mkono wa mtu anayejua, nikaisukuma ndani.

Ikaanza na mazishi ya mfalme. Nikamsifu mtunzi, hapotezi wakati. Wapanda farasi wakazunguka kaburi wakipiga ngao. Nikaeleza kuwa hiyo ni tero buru yao, wanafukuza kifo mbali na boma, vile sisi tunavyotoka na ng'ombe na mikuki. Ukumbi ukanguruma kwa kukubali. Mama Selpha, mwenye nyumba wangu, alilia hadi akavua kitambaa cha kichwa ajifute nacho. Kisha akaja kijana kutoka ng'ambo ya ziwa, jina lake Torvin. Akaua joka. Akavikwa taji. Makofi! Niliinama kama mbunge. Nikamwangalia Lornah, naye ameinamisha kichwa. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Mapumziko. Kaseti ya pili. Tarumbeta, halafu jina la filamu kwa herufi za dhahabu. Kumbe hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza! Halafu marehemu mfalme akatokea juu ya farasi, anacheka.

Mzee Ouma, ambaye hata kanisani huuliza maswali, akapaza sauti: Mwalimu, huyu si tumemzika? Nikasema huyo ni ndugu yake, wanafanana. Mfalme akamwoa malkia yuleyule tuliyemwona kaburini. Nikasema ndugu amemrithi mjane, kama desturi inavyotaka. Mama Selpha akasimama. Akataka kujua ni wapi duniani mjane anarithiwa kwa shela na tarumbeta, kama msichana, matanga hayajaisha! Joka likainuka majini. Nikasema hata joka lina ndugu.

Malkia akajifungua. Mtoto akaitwa Torvin.

Hapo ndipo ukumbi ulipochafuka. Sisi mtoto humpa jina la marehemu, hatumpi jina la mtu anayepumua. Mzee Ouma akauliza, kwa hiyo yule kijana wa taji naye amekufa? Lini? Watu wote walinigeukia. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni.

Nikasema amekufa wakati wa mapumziko.

Enos alianguka kutoka kwenye benchi. Hiram alitoka nje, akakaa huko.

Mwisho ukafika, yaani mwisho wa mwanzo. Mji unawaka moto. Bibi kizee mvushaji anamchukua mtoto mchanga, anamlaza kwenye kikapu, anaingiza mtumbwi kati ya matete. Hasemi neno. Anapiga kasia tu, akitazama kama mtoto amefunikwa. Nami sikuwa tena na uongo wa kusema, kwa hiyo nikaweka kipaza sauti chini nikatazama. Mara ya kwanza tangu saa nane, nilitazama! Ukumbi wote ukatazama nami. Hata njugu hazikutafunwa. Nilijikuta nikimwombea mtoto afike salama, na sijui kwa nini, maana mtoto mwenyewe nilikuwa nimeshamuua.

Ni filamu nzuri ajabu. Na mimi nimeipigia kelele yote isipokuwa hapo. Naona aibu mpaka masikioni.

Jumapili, Agosti 9

Baada ya ibada Mama Selpha aliniita mbele ya akina mama. Nikajua leo nafukuzwa nyumba. Kumbe pongezi! Akasema amefikiri usiku kucha, na filamu inayoanza na mazishi ikaisha wafu wote wakiwa hai ni ya Kikristo kabisa. Akauliza kama ni mimi niliyeipanga hivyo.

Hapo nilipaswa kusema ukweli. Nikasema niliipanga hivyo makusudi, ili watu wafikiri. Akina mama wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilipogeuka, Lornah alikuwa nyuma yangu na Biblia yake.

Jumatatu, Agosti 10

Nilikwenda maktaba kuomba radhi. Nikaanza na habari za mvua. Lornah akaongea yeye.

Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kiwanda cha sukari huko Muhoroni. Jioni alimsomea kitabu hicho, kila mtu na sauti yake, mfalme, joka, wote. Akifika kwa bibi mvushaji alipunguza sauti, akasoma polepole, maana bibi hasemi. Alifariki filamu haijatengenezwa. Lornah alikuja Jumamosi kumwona bibi huyo tu, kama yuko vile baba alivyomfanya.

Nikauliza kama yuko vile. Akasema ndiyo. Akanishukuru kwa kunyamaza pale.

Kunishukuru! Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Sijawahi kujiona mdogo namna hii.

Halafu akanipa kitabu. Si cha maktaba, ni kile cha baba yake, jalada limefungwa kwa uzi. Nikisome, kisha Jumamosi nije tunywe chai nimwambie nilichokipenda kwa kweli. Nimeapa. Neno kwa neno, hadi ukurasa wa mwisho!

Alhamisi, Agosti 13

Ukurasa wa nne. Mfalme bado hajaamka kitandani. Herufi ni ndogo kama punje za wimbi. Macho yanauma.

Mpango mpya. Nimempelekea Enos kitabu kwenye cherehani yake. Asome haraka, anisimulie yale muhimu, nami nitatia ufundi. Amekubali mara moja. Mtu mwepesi sana, Enos.

Jumamosi, Agosti 15

Nilinyoa. Nilivaa tai. Nikaenda maktaba kupitia kwa Enos nipate hadithi. Hayuko, cherehani imefunikwa.

Alikuwa maktaba! Amesoma kitabu chote. Alisema kitu cha marehemu hakipitishwi mikono mingi, ndiyo maana amekirudisha mwenyewe. Na alikuwa na swali moja juu ya bibi mvushaji. Walikuwa wanalizungumza, swali hilo, na walikuwa wanakunywa chai. Chai yangu! Kitabu kilikuwa katikati yao, Enos amekishonea jalada jipya la kitambaa.

Lornah hakunikasirikia. Alinikaribisha tu, akauliza kama nitakunywa kikombe. Nikasema asante, nimetoka kunywa sasa hivi. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi.

Nimelia kidogo. Ni moshi wa jiko la Mama Selpha.

Jumatatu, Agosti 31

Hiram ameniita kutoka ng'ambo ya barabara. Ana filamu nyingine kubwa, majitu na mlima unaotembea. Nayo imetoka kwenye kitabu kinene. Alimtaka Enos, lakini Jumamosi Enos hayuko, anakwenda Muhoroni na Lornah kumsalimu mama yake.

Akauliza, kama mtu anayekanyaga matope, kama kitabu hicho nimekisoma.

Nikamwambia mara mbili. Nilipenda zaidi katikati.