Mwewe wa Veranda ya Mzee Johana

Jumatatu, 3 Machi

Mwewe amempora Mwalimu Kipkirui samaki mzima. Mkubwa kuliko wote wa leo, niliyemkaanga kwa mkono wangu! Mwalimu alikuwa amefumba macho anaombea chakula. Alipofika kwa wagonjwa na wajane, ndege akateremka. Aliposema amina, sahani ilikuwa na limau peke yake. Akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye nimekula.

Hawa mwewe wamewasoma watu wa Roret. Wanajua hapa hakuna anayeonja chakula kabla ya kuomba, na maombi ya hapa si ya haraka. Wanakaa kwenye nguzo ya stima wakingoja macho yafungwe.

Jioni akapita Mzee Johana, mwenye jengo. Veranda ya mbele tunaitumia wawili, nusu mimi na samaki wangu, nusu Bonareri na chipsi zake, na kila siku tunagombania mstari wa katikati. Mzee amechoka na kelele. Alisema Jumapili baada ya kanisa atampa veranda yote mmoja wetu, yule atakayekaa kwa amani na hao ndege. Bila veranda mimi nimekwisha. Ndani kwangu ni moshi na giza, watu huingia mvua ikinyesha tu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amani nitaileta. Bonareri alitabasamu tu, na mimi sipendi akitabasamu.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikipara magamba. Bango! Rangi nyekundu, herufi kubwa: MTEJA, OMBA MACHO YAKIWA WAZI.

Saa nne wakaja akina mama wa kanisa, mbele yao Mama Rodah. Wakalisoma. Wakalisoma tena. Mama Rodah akauliza ni lini nilianza kufundisha watu kuomba. Nikamweleza kwamba Mungu anamsikia hata anayeangalia sahani yake. Akasema marehemu mama yake hakuwahi kuuangalia ugali kabla ya amina, na yeye mwenyewe hatakuja kufundishwa tabia mpya na mtu wa samaki. Wakainuka wote. Wakavuka mstari wa katikati, wakaketi kwa Bonareri.

Kufikia mchana Bonareri naye alikuwa na bango, la chaki: HAPA OMBENI MPAKA MTOSHEKE. Nimeligeuza langu likaangalia ukuta.

Jumatano, 5 Machi

Sanamu ya kutisha ndege. Kwa nini sikufikiria hili tangu mwanzo?

Binamu yangu Oketch alikuwa nyapara kwenye chai upande wa Mogogosiek. Nimeazima koti lake refu la mvua na buti. Nimelijaza majani makavu ya mahindi. Kichwa, mtungi uliotoboka. Kofia juu, fimbo mkononi. Likasimama kwenye kona ya veranda, zuri kabisa, hata mimi liliniogopesha nilipotoka jikoni.

Sasa, wateja wangu wa kweli ni wachuma chai. Hutoroka kidogo kabla ya majani kupimwa, wakapita nyuma ya kanisa kuja kula samaki. Wa kwanza aliliona lile koti, akageuka. Wa pili akageuka bila kuuliza. Baada ya hapo niliona vikapu tu vikirudi mbio shambani.

Na mwewe? Mmoja alitua kwenye kofia, akatazama kulia, akatazama kushoto, akajisaidia begani.

Chepkemboi, anayehudumia meza zangu, alicheka mpaka akakaa chini. Nilimuuliza kama yeye, mwenyeji wa hapa, anajua dawa ya hawa ndege. Akasema ukoo wao ni wa nyuki, mambo ya mwewe niwaulize wenye mwewe. Sikumwelewa na sikuwa na nafasi ya kumuuliza zaidi. Kazi ilikuwa nyingi. Uongo. Hapakuwa na mteja hata mmoja.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimempeleleza Bonareri. Nilijibanza nyuma ya tangi la maji. Kumbe kila asubuhi anabeba sufuria mpaka kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya jengo, anamwaga ngozi za kuku na mifupa. Mwewe wanashuka, wanakula, wanashiba, halafu wanalala kwenye mkaratusi karibu siku nzima. Ndiyo sababu meza zake hawazigusi. Anawapa chakula adui zetu! Nitamshtaki kwa Mzee.

Akaniona. Akanisalimia vizuri, akauliza kama nimepoteza kitu nyuma ya tangi. Akasema niwe naleta matumbo ya samaki pale pale, tusaidiane, maana wale mwewe wa upande wangu wanashinda na njaa. Tusaidiane! Huyu mama ni hatari.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda!

Mvua ya jana imeangusha mwewe. Nimemkuta chini ya waya za stima, amekufa, mzima kabisa. Nimemfunga mguu kwa kamba, nikamning'iniza juu ya mlango wangu, kichwa chini, mabawa wazi. Wenzake walikuja, wakazunguka mara moja, wakaondoka. Siku nzima hakuna mwewe! Mwalimu Kipkirui ameombea wagonjwa, wajane, mitihani na serikali ya kaunti, na alipofumbua macho samaki alikuwa pale pale.

Bonareri alimtazama yule ndege kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nimezungumza na Mzee. Wivu. Nikamjibu kwamba Mzee ni mgeni wangu kesho, chakula cha mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mzee Johana amekuja na koti lake la kanisani. Nilikuwa nimetandika kitambaa. Nimemkaribisha, nikamwonyesha juu ya mlango kwa mkono, kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. Akasimama. Akavua kofia. Watu wote kwenye veranda wakaacha kutafuna.

Kisha akasema, polepole, "Joab. Umetundika mtu wa ukoo wangu kwa mlango, ndio mimi niingie nikule samaki?"

Ukoo wao ni wa mwewe. Tangu mababu. Hawamuui, hawamtupii jiwe, hawamchezei. Nikasema si mimi niliyemuua, ni stima. Akasema stima haijui kufunga kamba.

Bonareri alileta kiti, akapanda, akamfungua yule ndege. Mzee akavua koti lake, lile la kanisani, akamfunika, akaondoka naye chini ya mvua.

Niliona haya. Haya ya kweli, ya kuunguza masikio. Nimekaa Roret miaka mingi. Nimezika na hawa watu, nimekula harusi zao, nimemlipa Mzee kodi na kumsalimia kila asubuhi. Sijawahi kumuuliza yeye ni wa ukoo gani. Nilidhani ni wa kofia.

Jumapili, 9 Machi

Nilikaa benchi la mwisho kanisani, tayari kufukuzwa. Vyombo nilishavifunga.

Baada ya ibada Mzee alituita mimi na Bonareri chini ya ukuta wa jengo. Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili. Mzee akasema jana alikuwa ameamua kumpa Bonareri veranda yote, lakini Bonareri mwenyewe alimwendea jioni kunitetea. Alimwambia mimi si mtu mbaya, ni kichwa kigumu tu, na harufu ya samaki wangu inamletea wateja. Kwa hiyo tutabaki nusu kwa nusu. Sharti moja: kila asubuhi nipeleke matumbo kwenye jiwe, ndege wale, vita viishe.

"Hawa mimi nimewakuta hapa," Mzee akasema. "Na wewe umetukuta sisi wote."

Nililia. Naandika wazi, nililia mbele ya watu waliotoka kanisani. Nikamshika Bonareri mkono, nikamwita dada. Nimesamehewa. Mimi ni mtu mpya.

Baadaye, nikifungua vyombo, nimeanza kujiuliza. Kwa nini amenitetea? Mtu na biashara yake hawezi kumtetea jirani bure. Kuna kitu.

Halafu nikakumbuka maneno ya Mzee. Hakuna ruhusa ya kumfukuza mwewe. Hakuna! Mwewe akikaa juu ya meza ya mtu, mtu huyo afanye nini? Anyamaze tu. Hata Bonareri.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika alfajiri na ndoo ya matumbo na ngazi. Sikwenda kwenye jiwe. Nilipanda, nikayamwaga yote juu ya mabati, upande wa Bonareri, hapo hapo juu ya meza zake.

Mabati ya upande huu wa paa yameinama kuelekea kwangu. Hili nililigundua mvua ilipoanza. Matumbo yaliteleza taratibu, yakavuka mstari wa katikati, yakajaa kwenye mfereji wangu, mengine yakaning'inia juu ya kitambaa. Mwewe wakaja. Sijawahi kuona mwewe wengi hivyo. Wachuma chai walikimbilia kwa Bonareri, naye akawaongezea viti. Viti vyangu.

Mzee Johana alinikuta nimepanda tena juu ya ngazi na ndoo mkononi. Hakupaza sauti. Aliuliza kama jiwe nimelipoteza. Kisha akamwambia Bonareri veranda ni yake, yote, kuanzia leo. Bonareri akainama, hakutabasamu. Mimi nimeingiza meza zangu kwenye giza.

Nimekaa nikawaza sana leo, na nimejifunza. Kosa langu nimeliona. Ngazi ilikuwa fupi, sikuweza kufika upande wa pili wa paa, ambako mabati yangeteremsha kila kitu mpaka mlangoni kwake. Fundi Weldon ana ndefu. Nitamwendea kesho mapema, nikitoka kutafuta matumbo.