Nilililiwa Matanga Nikiwa na Kofia ya Umeme

Fedheha ya leo, jamani, itanihamisha kutoka Msambweni.

Mgongo wangu mnaujua. Mwaka wa saba huu unaniuma. Na mnajua wifi yangu Mwanakombo anavyousema: "Mgongo wa Saumu una akili. Ukisikia harusi tu, unaanza." (Simchukii wifi. Namwombea tu naye aumwe siku moja. Hata nusu siku.) Nimelia mpaka machozi yamekauka, na ukoo mzima unaona nakwepa kazi.

Basi kliniki wamenipa kofia. Ina nyaya, ina sponji mbili za maji ya chumvi, na inapitisha umeme kidogo kichwani. Naam, kichwani! Nikamwambia muuguzi, "Mwanangu, kinachouma ni mgongo."

Akacheka. "Mama, mgongo unatuma habari, ubongo ndio unaozipokea. Tunamtuliza mpokeaji."

Pamoja na umeme kuna sauti kwenye simu inayokufundisha kutulia: uvute pumzi, uyatazame maumivu bila kugombana nayo. Dakika ishirini kila siku, nyumbani. "Na usiivue katikati," akanionya.

Leo saa nne asubuhi nikajilaza chali kwenye mkeka, maana kukaa ndiko kunakoniua. Nikajifunika leso hadi kifuani. Kofia ina mkanda mweupe unaopita chini ya kidevu, nikaukaza barabara. Waya wa kusikilizia simu nikautia sikio moja (wa pili ulishakufa). Umeme ukaanza kuniwasha kama sisimizi. Sauti ikasema: "Sikiliza sauti zilizo karibu nawe. Usizifuate. Ziache zipite."

"Hodi!" Wifi huyo mlangoni. Kesho kuna harusi Gazi, amekuja kunipangia zamu ya kukuna nazi. Nikaiacha sauti ipite.

"Hodi! Wifi!" Nayo ikapita. (Raha ilioje!)

Mlango ukafunguliwa. "Innalillahi! Wifi yangu! Amefungwa kidevu!"

Huku kwetu anayefungwa kidevu kwa kitambaa cheupe ni maiti, ili kinywa kisibaki wazi. Nilipaswa kufumbua macho pale pale. Lakini zilibaki dakika chache tu, na wallahi mgongo ulikuwa umetulia, mara ya kwanza kwa miaka saba. Nikasema moyoni, ngoja kwanza.

Jirani yetu Mama Kioko, mtu wa bara, akaja mbio. "Na ni nani amemfunga?"

"Kajifunga mwenyewe! Alijua anakwenda. Hakupenda kusumbua watu!"

"Lakini ni kama anapumua."

"Ni upepo huo, mama!"

Majirani wakamiminika, nyumba ikajaa vilio. Nami (Mungu anisamehe) nikaanza kusikiliza. Kumbe maiti husifiwa hivi! Ati samaki wangu wa kupaka hana mfano. Nilipokuwa hai hakuna aliyeniambia.

Kisha wifi akapiga magoti kando yangu, akanishika mkono, akasema taratibu: "Niwie radhi, wifi. Kumbe ulikuwa ukiumwa kweli. Mimi nikakuita mvivu."

Maneno hayo nimeyangoja miaka saba. Chozi likanitoka, likateremkia sikioni. Mashine nayo ikalia, piiip! Dakika zimekwisha. Nikainuka, nikaketi.

"Nimekusamehe," nikasema.

Loo! Kuna waliotoka kwa mlango na waliotoka kwa dirisha. Mama Kioko anamwita Yesu, wifi anasoma Ayatul Kursi. Nami kuona wote wanakimbia, nikajua pana hatari. Nikakimbia nao! Kofia kichwani, nyaya zinaning'inia. Wakigeuka wakiniona, wanaongeza mbio, nami naongeza. Nikauruka uzio wa kuku. Nikampita wifi kwenye migomba. Nilimpita, jamani, mwenye mgongo mzima!

Barabarani pumzi zikatuishia wote wawili. Akanigusa shavu kwa ncha ya kidole. "U hai?"

"Ni hai. Ni dawa ya kliniki tu hii."

"Na yale niliyosema uliyasikia?"

"Yote."

Akautazama uzio wa kuku. Akanitazama mimi. "Wifi, ule uzio umeuruka kwa mgongo gani?"

(Nilijaribu kushika kiuno. Nimechelewa.)

"Basi radhi nilizokuomba nazirudisha," akasema. "Kesho alfajiri, Gazi. Nazi arobaini."

Sasa nimelala chali tena. Zile mbio zimeuamsha mgongo, unawaka moto, na sasa hata Mama Kioko haniamini. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kesho aje na mbuzi yake ya kukunia nazi.