Nyangumi wa Soko la Nyeri

Pesa ya chama ina harufu yake, na pua ya Gatimu haikuwa ya kupamba uso tu. Aliinusa siku alipoingia soko la Nyeri kutafuta suti ya mitumba, akamsikia muuzaji, Murugi, mwenyekiti wa chama cha wamama wa soko, akisema akiba sasa imetosha kujenga chumba cha kulelea watoto. Hadi siku hiyo watoto walilala chini ya meza, katikati ya viazi na kabeji, wakikohoa kwa baridi ya Julai.

Mwenye moyo angesikia kikohozi. Gatimu alisikia "akiba".

Jumapili baada ya ibada alikuwa amesimama mbele yao katika ukumbi wa kukodi kule Ruring'u, ndani ya suti ileile.

"Wamama wangu, theluji ya Mlima inayeyuka, mnaona wenyewe. Lakini hii sarafu ya mtandao, Theluji, haiyeyuki ng'o!"

Sarafu hiyo alikuwa ameiunda juzi kitandani, akila mandazi.

"Na tutajuaje kama inapanda?" Murugi aliuliza.

"Swali la msomi! Mama, hii biashara haina siri. Sarafu ikihama, unyayo unabaki kwa blokcheni, daftari la mtandaoni lililo wazi kwa wote, na hata wewe unauona kwa simu yako. Pochi mpya, yaani mifuko ya sarafu ndani ya simu, zikiongezeka, jua watu wanakuja. Sarafu zikizunguka bila kulala, soko liko hai. Na pochi moja ikianza kukusanya kimyakimya..." Alishusha sauti kama mhubiri aliyefika kwenye Ufunuo. "Huyo ni nyangumi. Tajiri. Ukiona nyangumi, nunua, usiulize!"

Mto Chania hauna nyangumi, lakini wamama waliinamia simu zao. Kweli, pochi mia moja zilikuwa zimeshanunua Theluji. Kilichofichwa ni kidogo tu: zote zilikuwa za Gatimu.

Akiba ikahamia kwake. Naye akawapa Theluji yote iliyokuwepo duniani, asibakize hata punje, kwani nani hujiwekea akiba ya takataka? Kisha akapanga kungoja siku chache za heshima kabla ya kupotelea Nanyuki. Mwizi anayekimbia siku hiyohiyo ni mshamba.

Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa mlangoni, alichungulia simu kwa mara ya mwisho. Akakaa chini. Pochi mpya zilikuwa zimezagaa kama siafu, wala si zake. Theluji ilizunguka kutwa kucha. Na pochi moja ilikuwa inakusanya, kimyakimya.

"Nyangumi," alinong'ona. Mwenye kutunga dini akaokoka papo hapo.

Lazima ni tajiri wa ranchi huko Nanyuki, alijiambia, na ananunua kutoka kwa wale wamama wajinga kwa bei ya kutupa! Begi likabaki mlangoni. Gatimu akarukia gari lake, Probox, akashika njia ya soko, mbio.

"Murugi, mama yangu, dhamiri imeninyima usingizi. Nipeni Theluji, niwarudishie pesa yenu yote."

"Ati turudishe? Si ulisema tukiona nyangumi tununue? Tumemwona, mwalimu. Amenona!"

"Naongeza nusu."

"Aai, hata hatujamaliza kumwangalia."

"Mara mbili!"

Murugi alifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. "Unatuonea, lakini kwa sababu ni wewe... weka na hiyo Probox."

Gatimu akatoa akiba yao, akatoa yote aliyowalaghai watu wa mji wa Kenol kabla yao, akatoa na ufunguo wa gari. Theluji ikamiminika kwake. Ilitoka pochi gani? Hakuangalia. Tamaa ikiwa na haraka haina macho.

Kesho yake soko la Theluji likanyamaza. Hakuna pochi iliyopumua. Nyangumi hakupiga hata chafya. Gatimu akarudi sokoni, safari hii kwa miguu.

"Kijana," Murugi alisema, akikunja suruali, "chama ni nini? Leo sote tunampa Wamucii, kesho sote tunampa Phyllis, inazunguka hivyo. Tulifanya mzunguko wetu wa kila siku, ila kwa Theluji yako. Kila mmoja akafungua pochi nyingi kama soksi, na mwishowe zote zikaniletea mimi."

"Wewe ndiye nyangumi?"

"Kwani sijanona?"

Wamama walicheka hadi vitunguu vikabingirika.

"Lakini mlinijuaje?"

"Si ulitufundisha kufuata unyayo? Tulifuata. Zile pochi zako mia zilikuwa zinanyonya titi moja, pochi ileile iliyotutumia Theluji, na titi ni lako. Ulifundisha vizuri, mwalimu. Mungu akubariki."

Sasa chumba kimesimama, kina paa jipya na magodoro, na kikohozi kimepungua. Ukutani wamechora nyangumi mkubwa wa buluu, ana tabasamu pana, amevaa suti ya mitumba. Gatimu hupita upande wa pili wa barabara, uso chini, simu mfukoni ikiwa imejaa Theluji isiyoyeyuka wala kuuzika. Hata hivyo, kila asubuhi husikia sauti ndogondogo zikimsalimu yule wa ukutani:

"Shikamoo, Mwalimu!"